Kura ya Kocha Muchiri

Wanaume wa Kiriaini wana midomo, na wengi wao huileta kwangu. Hoteli yangu, kwa Mama Mugo, inatazamana na soko. Mbele ni bucha, nyuma ni meza za kulia, na hapo nyuma ndipo wafuasi wa Majani FC hukutana kila wanapofungwa. Mwaka huu walikutana sana. Timu ilikuwa imeshuka daraja, kipa amekimbilia timu ya Kangema, na lawama zote zilikuwa zimepata mtu mmoja wa kuzibeba, kocha wao, Muchiri.

Muchiri alikuwa beki mpaka goti lilipoharibika, ndipo akaanza kufundisha, bila mshahara. Mchana alibeba magunia kwenye kituo cha kununulia majani chai, jioni yuko uwanjani. Jezi alizifua mwenyewe. Sisemi alikuwa kocha hodari. Alijua kulinda goli, basi, na vijana wa siku hizi hawataki kuambiwa wakae nyuma. Lakini hakuna aliyeipenda timu ile kama yeye, na mapenzi hayo yalimgharimu. Mkewe Wangui aliugua presha miaka mingi, na siku aliyozidiwa, Muchiri alikuwa Kangema na timu, simu yake imezimwa ili asisumbuliwe mechi ikiendelea. Aliporudi na ushindi, majirani walikuwa wameshajaa uani.

Binti yao Shiro ndiye aliyekuwa na mama yake siku hiyo. Baada ya mazishi alifunga nguo zake akaenda Nanyuki kufanya kazi katika duka la vitambaa la mama mmoja aitwaye Muslima. Hakukanyaga tena nyumbani. Baba akipiga simu alipokea, akasema yuko sawa, akakata.

Sasa lazima nieleze jinsi tunavyoongea huku, maana balaa lilitokea hapo. Mtu wa hapa akisema Kiswahili, L humgeukia ikawa R. Mbali ni mbari, lala ni rara. Hatuchekani. Kila mmoja hurekebisha kichwani mwake na maisha yanaendelea. Na katika hili hakuna anayemshinda Wamae, mwenyekiti wa klabu. Yeye ndiye aliyempigia Muchiri simu.

"Kocha, Jumapiri saa nane kuja pare kwa Mama Mugo. Watu wote watakuwa, usikose. Ni kura ya kocha."

Wamae alijiona muungwana, amemwita mtu waziwazi badala ya kumpindua kichinichini. Muchiri naye alirekebisha kichwani kama sote tunavyofanya, akasikia kula. Na kwa nini asisikie hivyo? Mwaka juzi huyo huyo Wamae aliahidi mbele ya watu kwamba klabu itamchinjia Kocha mbuzi. Muchiri akaona siku imefika. Akampigia Shiro, akamwambia watu wake wamemwandalia karamu, aje aone kwa macho yake kwamba ile miaka haikwenda bure. Shiro akakubali. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Jumamosi Muchiri aliponipitia, uso umemchangamka, akasema kesho atakuja na binti yake, nilidhani mzee ameamua kuaga kiume.

Jumapili walianza kubishana kabla hata ya kukaa.

"Waweru!" alisema Ngugi, muuza viazi. "Huyo alicheza mpira huko Kiganjo akiwa kurutu wa polisi. Ako na nidhamu. Hawa vijana wanataka mtu wa kuwakimbiza mpaka watapike."

"Kukimbia ni nini? Hata ng'ombe ya jirani yangu inakimbia," akajibu fundi wa pikipiki kutoka meza ya pili. "Mpira siku hizi ni akili. Tupatie Griffins."

"Griffins amefundisha nani? Ati juu ameona mechi za Ulaya kwa simu?"

"Na wewe umefundisha nani, na unatupigia kelele?"

Hapo mlango ukafunguliwa. Muchiri aliingia amevaa suti aliyooa nayo, na Shiro nyuma yake katika gauni la kanisani. Kelele zikakatika. Muchiri akadhani ni heshima. Akaenda moja kwa moja mwisho wa meza, akamvutia binti yake kiti, akabaki amesimama.

"Watu wangu," alisema, "sikutarajia. Huyu ni Shiro, mtoto yangu. Nilitaka awaone. Mimi sina shamba kubwa, sina gari, lakini niko na nyinyi." Akatutazama mmoja mmoja, macho yamelowa. "Haya. Nani ataombea chakula?"

Mezani hapakuwa na kitu isipokuwa chupa za soda. Nilihisi uso unaniwaka kana kwamba ni mimi niliyevuliwa nguo.

Wamae akainuka, jasho linamtoka. "Kocha, haki, si kura. Ni kura." Mtu mmoja alicheka, nami nikamtazama mpaka akanyamaza. "Kura ya kuchagua! Ya kocha mwingine."

Muchiri aliketi polepole. Shiro hakumtazama Wamae hata kidogo. Alimtazama baba yake.

"Ni hawa, Baba?" aliuliza. "Ulituacha kwa sababu ya hawa?"

Nikawaambia wanaume wale waahirishe kikao, kwani hawana aibu? Wamae akasema mimi kazi yangu ni nyama, na wanachama wametoka mbali. Wakaanza kuinua mikono, ya Waweru kwanza, kisha ya Griffins. Shiro akachukua mkoba wake, akamshika baba yake mkono kwa upole, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Twende nyumbani, Baba. Nitakupikia."

Muchiri alisimama, wakaenda pamoja hadi mlangoni. Huko nyuma yao mikono ilikuwa imelingana, na ugomvi ukawaka upya, Ngugi akimtukana fundi, fundi akimtishia Ngugi na kiti. Nilimwona Muchiri akisita. Nilimwona Shiro akimvuta kidogo, kisha akimwachilia.

Akarudi.

"Griffins hajui kupanga mabeki," alisema, sauti yake ile ya uwanjani. "Atawafungisha mabao kila wiki." Akainua mkono wake juu. "Mimi nasema Waweru."

Hoteli nzima ikalipuka kwa makofi. Hata fundi alipiga. Wakaita jina lake, wakampiga mabegani, wakamwinua juu pamoja na suti yake, na Wamae akaapa kwamba mbuzi atachinjwa mwezi huu huu. Muchiri alikuwa akicheka kama sijawahi kumwona akicheka. Akageuka mlangoni ili Shiro aone.

Ilibidi niwe mimi wa kumwambia kwamba Shiro ameshapanda gari la Nyeri, anarudi Nanyuki.