Mguu wa Mjomba

Gereji yetu ya Satwa, huku Uarabuni, ilikuwa na mashine ya kupimia karibu kila kitu, lakini breki inayovuja ndani kwa ndani ilipimwa na mguu wa mjomba. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa mzee wa Tanga aliyenipokea nilipotoka Mombasa, akanitafutia kitanda chumbani kwao mtaa wa Karama na kunifundisha kazi.

Breki ya namna hiyo ina visirani. Mafuta hayapungui, hakuna hata tone chini, kumbe mipira ndani ya masta silinda, ile pampu ya breki, imechoka na mafuta yanapenya kurudi nyuma. Ukikanyaga kwa nguvu, mpira unajibana na gari linakudanganya. Lazima ukanyage kidogo tu, injini ikiwaka, utulie, usikie kwa unyayo kama pedali inashuka. Mjomba alivua kiatu na soksi kabisa. Sisi tuliziba pua kwa utani, naye alitutukana kwa furaha.

Siku ile liliingia gari la madam mmoja, lina viti viwili vya watoto nyuma. Mjomba akakanyaga, akatulia. "Imekaa," akasema, yaani pedali haishuki. "Mpelekee gari lake."

Getini nilisimama kupisha lori. Pedali ikazama taratibu chini ya mguu wangu na gari likaanza kusogea. Nikavuta hendibreki, nikalirudisha ndani nikiwa nimefura.

"Mjomba, umelala? Watoto wanapanda humu!"

Aliingia garini, akakanyaga tena. Mimi nilikuwa nimeinama mlangoni, naiona pedali ikishuka na mguu wake, hadi ikagota chini.

"Imekaa," akasema. Kisha akaangalia chini, akaona.

Kisukari chake tulikijua. Alikifanyia mzaha kila tulipokunywa chai. Kwamba kilikuwa kimeshuka miguuni na kuitia ganzi, hakuna aliyejua, labda hata yeye. Arbab, mwenye gereji, akipata habari, khalas, imekwisha: visa inafutwa, mzee anarudi Tanga, na wajukuu wake waliokuwa wakila kwa mguu ule watamtazama yeye. Moyo uliniuma vibaya. Nilitamani ubovu uwe wa gari peke yake.

Akautoa mguu nje ya mlango, akauweka sakafuni.

"Nikanyage."

"Mjomba, acha."

"Nikanyage, mwanangu. Nataka kujua."

Akafumba macho. Nilivua kiatu, nikaweka mguu wangu juu ya vidole vyake, kwanza kwa kuogopa, halafu nikaulalia kwa uzito wangu wote. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Uso wake ulikuwa umetulia, anasubiri.

"Haya basi," akasema kwa upole. "Usiogope. Kanyaga."