Sijambo Mbele ya Daktari

Mama alitaka kadi ya kupanda basi bure kwa jambo moja tu: aende Sur kila wiki kumtazama dada yake, aliyepigwa na kiharusi, bila ya kumuomba mtu gari. Sisi kwetu Ibra, mwendo wa karibu saa mbili kutoka huko. Mimi si wa kutegemewa, sikai mahali. Leo niko Bidiya napeleka watalii kwenye mchanga wa jangwa, kesho niko Nizwa, na nikirudi nyumbani siku chache tu miguu huanza kuniwasha.

Kwa umri hakupata. Pasi yake ya kusafiria inamfanya mdogo kuliko alivyo, kama za wengi waliokuja nchi hii ya Kiarabu kutoka Unguja bila ya cheti cha kuzaliwa. Ikabaki njia ya ulemavu: daktari amwone, athibitishe kwamba goti lake limekwisha.

Asubuhi hiyo alijifukiza udi, akatia wanja, akavaa abaya ya kutokea. Tulipofika hospitali akaiacha garini bakora yake ya kutembelea.

"Mama, ichukue."

"Niingie na gongo kwa watu, kama naomba sadaka?"

Akanishika mkono, kucha zikanizama. Daktari, mwanamke makamo yangu, alipoingia chumbani, Mama akainuka peke yake. Kwake yeye mgeni hasalimiwi umekaa. Wakaulizana kwa Kiarabu habari za nyumbani, za wazee, za watoto, kama inavyopasa. Kisha daktari akamuuliza goti linamuuma vipi.

"Alhamdulillah, sina neno."

"Mama," nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "mwambie usiku hulali."

"Ndio kwanza namuona, nianze kumlilia? Hujui naye ana mgonjwa gani kwao."

Nikamwambia daktari mwenyewe: ngazi hapandi, msalani anashikwa. Mama akacheka.

"Usimsikilize, binti yangu. Huyu tangu mdogo hutia chumvi."

Akaombwa atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akatembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini, kidevu juu. Mimi niliona jasho likimshuka shingoni. Daktari aliona mwanamke anayetembea, akaandika alichokiona.

Garini hakuweza kuupandisha mguu. Niliunyanyua kwa mikono miwili, naye akauma pindo la mtandio asitoe sauti.

"Kwa nini, Mama?"

"Mtu akikuuliza hali, unamjibu sijambo. Ndivyo tulivyolelewa."

"Lakini yule ni daktari."

"Basi si ana macho?"

Jibu lilikuja kwamba hastahiki. Karani aliniambia kwa upole tunaweza kuomba tena. Nilimshukuru, lakini nilishajua: tukirudi, Mama atajifukiza udi tena na bakora itabaki garini tena. Nyumbani nilikasirika, ingawa nami nimelelewa humo humo.

Zamani tukienda Sur, yeye na dada yake walikuwa wakigombea mbuzi ya kukunia nazi, kila mmoja akidai mwenzake hajui kukuna. Kicheko chao kilisikika mpaka njiani, na sisi watoto tulijua chakula kitachelewa. Siku hizi nikipita Sur siingii kichochoro cha kwa Mama Mkubwa bila ya shughuli.

Jana Mama Mkubwa alipiga simu. Maneno yalimtoka nusu nusu.

"Hujambo, dada?" Mama akamuuliza.

"Sijambo. Nakula, nalala. Goti lako?"

"Sijambo kabisa. Wiki hii nakuja."

"Usijichoshe."

"Nakuja, nakwambia. Nitakukunia nazi, maana wewe hukujua tangu hapo."

Upande wa pili kulisikika kitu kama kicheko, kisha mtu akamchukulia simu.

Mama akaulaza mguu juu ya mto. Basi la Sur lilikuwa limeshapita. Begi langu lilikuwa karibu na mlango, na yeye alilitazama kabla ya kunitazama mimi.

"Unaondoka lini?"

"Kesho, inshallah."

"Nenda, mwanangu," akasema. "Mimi sijambo."