Koni ya Tangi la Maji

Mtaani walimwita Mama Mbio, na si wote waliomwita hivyo kwa heshima. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, kutwa nzima kasimama kwa dobi anapigia watu pasi, halafu alfajiri yuko barabarani anafukuzana na upepo! Mama mkwe wake hakumung'unya maneno. "Mwanangu," alimwambia siku moja mbele ya wageni, "mwanamke akikimbia, watu huuliza ameiba nini." Wageni wakacheka. Mama Mbio naye akacheka, akaendelea kumenya viazi, na alfajiri ya kesho yake akatoka kama kawaida.

Alichokitafuta ni kitu kimoja tu: kumaliza marathoni kwa muda usiozidi saa tatu na robo. Mwenye muda huo hufunguliwa mlango wa mbio kubwa za ng'ambo, zile ambazo hata uwe na pesa za kujaza gunia, bila muda wako hawakuandikishi. Alishajaribu mara tatu. Mara ya kwanza tumbo lilimsaliti, mara ya pili jua, na mara ya tatu alichelewa kwa muda ule mtu anaoutumia kufunga kamba za viatu. Siku hiyo alikaa kando ya barabara akalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa, wala hakuona haya.

Halafu goti likaanza. Daktari aliliminya, akatazama picha, akasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika. Mbio ndefu moja labda itawezekana, alisema, baada ya hapo mama achague kati ya kukimbia na kutembea. Basi safari hii ilikuwa kufa na kupona.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na wacha asemwe vizuri kabla hajasemwa vibaya: alimpenda mkewe. Kila jioni alimchemshia maji, akayatia chumvi, akamkanda miguu ndani ya beseni. Hata kucha zilizokufa alizikata yeye. Lakini mazoezini hakufika hata siku moja, maana mabomba nayo hupenda kupasuka asubuhi. Mke aliyemjua ni yule wa kwenye beseni, anayeguna amefumba macho, anayeshika ukuta akienda kulala. Yule wa barabarani alijulikana na Mwalimu peke yake.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule ya msingi. Alimfundisha bure, akimfuata nyuma na baiskeli yake kuukuu, na alikuwa na neno lake moja: "Huyu mama akianza kuchechemea, ndiyo kwanza ameanza kukimbia." Na kweli. Kila mbio ndefu ilipofika theluthi ya mwisho, mguu wa kulia ulianza kuvutavuta, mkono ukaenda kiunoni, uso ukakunjamana. Asiyejua angeita gari la wagonjwa. Kumbe hapo ndipo alipokuwa akiwapita watu mmoja mmoja.

Mashindano yalipokaribia, waandaaji walitafuta watu wa kujitolea kusimama njiani. Fundi bomba alijitokeza wa kwanza. Walimvisha kizibao cha rangi ya chungwa, wakampangia mwisho wa barabara ya kiwandani, penye tangi la maji. Hapo iliwekwa koni, wakimbiaji waizunguke na kurudi walikotoka. Kazi yake ilikuwa kuilinda koni. Hata kisiki kingeiweza kazi hiyo.

Siku yenyewe Mama Mbio alikimbia kama aliyekatiwa kamba. Alipovuka mstari, saa kubwa ilionyesha amebakiza zaidi ya dakika nzima. Mwalimu aliitupa baiskeli chini akamkumbatia, na mumewe alipofika na kizibao chake alimbeba juu juu mbele za watu. Kwa siku chache mtaa mzima ulibadili lugha. Mama mkwe mwenyewe alisikika dukani akisema, "Mkamwana wangu ana damu ya kwetu," ingawa hakueleza ameipataje.

Kisha Mwalimu akapigiwa simu. Wakimbiaji wenye saa za kupima umbali walikuwa wamelalamika kwamba njia ilikuwa fupi. Wakaguzi walikwenda na gurudumu lao la kupimia, wakakuta alama ya rangi pale koni ilipotakiwa kukaa, na wakaona picha za koni ikiwa mahali pengine, karibu zaidi. Waliotangulia waliizunguka mahali pake. Kuanzia Mama Mbio kurudi nyuma, hakuna aliyemaliza umbali kamili. Muda wao wote ulifutwa.

Habari ilimkuta Mama Mbio kazini, pasi mkononi. Aliisahau juu ya shati la mteja mpaka likatoa moshi. Alipofika nyumbani alikaa kitini bila kuvua viatu.

"Nani?" aliuliza. "Wewe ulikuwa pale penye koni, hukumwona? Nani mwenye roho hiyo? Nimemkosea nini mimi? Mungu amkaushe mikono!"

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Aliiweka chini.

"Usilaani, mama watoto."

"Kwa nini nisilaani?"

"Kwa sababu ni mimi."

Akamweleza akitazama sakafu. Mwenzake wa zamu alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Yeye akamwona mkewe anakuja kwa mbali, anachechemea, mkono kiunoni, uso umekunjamana, macho chini. Akainua koni, akamsogelea nayo.

"Nilidhani unakufa," alisema. "Nikakuonea huruma. Nikasema ni hatua chache tu, nani atajua? Kama kutoka hapa mpaka kwa fundi viatu."

Huruma nyingine, jamani, ni afadhali tusi. Mama Mbio alitazama nje. Kibanda cha fundi viatu kilionekana kutoka pale pale alipokaa. Akainuka, akampita mumewe mlangoni, akakimbia, na viatu vyake vya kazini, na goti lile lile.

"Mama Mbio, leo unamkimbia nani?" fundi viatu aliuliza.

Mama aligusa nguzo ya kibanda, akageuka, akarudi mpaka mbele ya mumewe. Hakuwa hata anatweta.

"Ni hapo tu?"

"Ni hapo."

"Nilikuwa na dakika nzima mkononi, baba watoto. Ningekwenda nikarudi, nikaenda tena nikarudi, na bado ningefika."

Mumewe alifunika uso kwa mikono miwili.

"Miaka yote hii unanikanda miguu," mama alisema, na sasa alikuwa analia. "Mimi nilidhani unaniandaa. Kumbe ulikuwa unaniuguza."

Jioni mume alichemsha maji kama kawaida, akayatia chumvi, akaweka beseni mbele ya mkewe. Goti lilikuwa linamuuma vibaya sana. Aliyatazama yale maji mpaka yakapoa, na miguu hakuitia.