Mstari wa Nne, Mti wa Saba

Kila mwaka nikianza kuwafundisha kidato cha kwanza kuweka nukta kwenye grafu, najua kosa watakalofanya kabla hawajachonga penseli. Watageuza namba. Ukiwatajia nne na saba, nusu ya darasa watapanda nne na kutembea saba. Mimi si mpole kwa uzembe, kwa hiyo nimewakaririsha kama sala: kwanza tembea, ndipo upande. Namba ya kwanza ni ya mhimili uliolala, ya pili ni ya uliosimama. Anayekosea anasimama mbele ya wenzake na kuirudia mara kumi. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyepotea katika shamba la mama yake.

Shamba lenyewe liko Matogoro, nyuma ya nyumba tuliyokulia, kwenye mteremko unaoishia kijitoni. Zamani lilikuwa la kahawa. Baba alipofariki, miti nayo imeshazeeka, kaka yangu aliing'oa yote akapanda mahindi. Kaka ndiye mkubwa wetu, na hajawahi kutuacha tusahau. Kila kikao cha familia hukifungua kwa "mimi kama mtoto wa kwanza," na sisi wadogo zake tunatazamana kwa pembeni. Lakini haki yake nampa: ndiye anayemtunza mama, sisi wengine tuna midomo tu. Mwaka jana, baada ya mavuno, aliamua kumjengea nyumba mpya humo shambani. Akapigilia vigingi, akafunga kamba, na mafundi walikuwa waje Jumatatu kuchimba msingi.

Jumamosi nikatoka mjini kwenda kuona. Nilimkuta mama jikoni anachambua majani ya maboga, chakula cha mchana hajakigusa, na hiyo nyumba anayojengewa hajaenda hata kuitupia jicho. Nilipombana, akanieleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuambiwa. Kabla ya kaka alizaa mtoto wa kike, akaishi siku tatu. Mtoto mchanga kama yule hakuwekewa msalaba. Wanawake wa jirani walimzika kimyakimya chini ya mti mmoja wa kahawa, mama akiwa bado kitandani. Alipopata nguvu, baba alimshika mkono akampeleka, akamwambia akariri: mstari wa nne, mti wa saba. Tangu hapo, kila msimu, mti ule aliuchuma mwenyewe, hakumwachia mtu. Sasa miti haipo, na yeye hajui tena asimame wapi.

"Nisije nikalala juu ya mwanangu," aliniambia.

Nililia. Kisha, kwa kuwa sijui kulia kwa muda mrefu, nikatoa karatasi ya grafu kwenye mkoba. Kona ya chini ya shamba lilikuwepo bado jiwe la mpaka, ambako baba alianzia kuhesabu. Hapo nikaandika sifuri. Mraba mmoja, mti mmoja. Nne, kisha saba: kwangu mimi nukta ilikuwa imeshaandikwa. Nikachora na kuta za kaka, mistari minne ya kufuata vigingi vyake. Nukta ikaangukia nje ya kuta, mbali, kule juu. Nilifurahi kana kwamba nimeijenga ile nyumba mimi.

Tulimwita kaka, mama akamweleza. Alikaa juu ya tofali, akauliza tu kama nyumba inamgusa huyo mtoto. Nikamwonyesha karatasi. Nikamwona anashusha pumzi.

Stoo kulikuwa na kamba ya kupandia ya marehemu baba, kila fundo ni nafasi ya mti mmoja. Tukapima kutoka kwenye jiwe, mafundo manne kutembea, saba kupanda, mama nikimshika mkono. Alipofika akavua kandambili, akasimama peku, akatulia. Kisha akatikisa kichwa.

"Si hapa. Pale nilikuwa nasikia maji."

Naona haya kusema nilivyomjibu. Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi, kwamba namba hazidanganyi, kwamba huenda zamani kijito kilikuwa na maji mengi zaidi. Hakubishana. Aliniuliza tu kama nakumbuka asubuhi za kuchuma, baba alivyokuwa anatugawia kazi.

Nilikumbuka. Tulisimama wote pale kwenye jiwe na vikapu vyetu, baba akimtajia kila mtu mstari wake. Mistari ilikata mteremko, ikihesabiwa kutoka kijitoni. Ulipanda kwanza mpaka ufikie mstari wako, ndipo ukatembea nao, mti baada ya mti. Hakuna mchumaji aliyeanza kwa kutembea. Nne ilikuwa ya kupanda, saba ya kutembea. Kosa ninalowasimamishia watoto wa watu nilikuwa nimelifanya mimi, tena juu ya kaburi la dada yangu.

Nikairudisha kamba kwenye jiwe. Safari hii mama hakungoja tumalize kupima. Alitangulia mwenyewe, polepole na miguu yake mibovu, akasimama mahali, na fundo la saba likamkuta hapo hapo. Akaketi chini, akaweka kiganja kwenye udongo. Maji yalisikika vizuri. Tulikuwa katikati ya vigingi, mahali kaka alipotenga sebule.

Nilitazamia kaka aseme habari za mafundi wa Jumatatu, au kwamba nyumba ikihamia kule juu mteremko ni mkali na msingi utakuwa wa taabu. Hakusema. Aling'oa kigingi cha kwanza, akang'oa cha pili, mpaka vyote vikaisha, akavibeba begani hadi juu akavitupa. Aliporudi mikono ilikuwa imejaa udongo. Akasimama mbele ya mama, mtu mzima mwenye mvi, akavua kofia, akainama kuelekea pale penye kiganja cha mama.

"Shikamoo, dada," akasema.

Mama hakuinua macho. Akamwitikia kwa niaba ya binti yake, "Marahaba, baba."