Bonde la Godoro la Baba

Vuuung'.

Sauti nene, ya chini, kama ng'ombe aliyeshiba akiitikia salamu. Baba yake alipiga ugwe wa upinde wa kuchambulia kwa kinyundo cha mti, pamba iliyogandamana ikaruka na kushuka juu ya mkeka kama ukungu, na yeye, mtoto wa miaka sita, akakaa kizingitini akipiga chafya. Alikulia ndani ya sauti hiyo. Sasa ana miaka hamsini na miwili. Upinde ni ule ule, kinyundo ni kile kile, na kila akipiga hupata sauti ya mbu.

"Mkono huu," hujisemea, akiutazama kama anavyomtazama mteja asiyejua anachotaka. "Mkono wa kuazima."

Mtaani wanamwita Sindano. Wanaosema jina limetokana na sindano ya kazi, ile ndefu inayozama upande mmoja wa godoro na kutokea upande wa pili, wanasema hivyo akiwapo. Ni mwembamba, amenyooka, na ulimi wake ni mkali bila kupelekwa kwa mnoaji. Chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake ndicho karakana: mkeka mkubwa, marobota mawili ya pamba ukutani, vitambaa vya mistari vilivyokunjwa, na vumbi jeupe ambalo halijawahi kuondoka tangu nyumba ijengwe.

Sindano anadharau watu wengi, lakini kwa mpangilio. Wa kwanza ni wauzaji wa magodoro ya sponji. "Unalala kama ubao juu ya mkate," husema. Wa pili ni wanunuzi wao, ambao hurudi baada ya mwaka wakishika viuno. Lakini dharau yake iliyo safi kabisa, isiyochanganywa na kitu, ameiweka kwa wale wanaoleta godoro la marehemu.

Huja wawili wawili, wamelishika kwa ncha za vidole kana kwamba lina upupu. "Fundi, tuchomee." Nyumba ya marehemu wanaigombania, saa yake imeshavaliwa, hata viatu vyake vimepata miguu. Godoro tu ndilo lenye mauti.

"Kwangu hakichomwi kitu," huwajibu. "Mkitaka moto, mna majiko."

Alifundishwa hivyo na baba yake. Godoro la marehemu hufumuliwa, pamba ikaanikwa juani siku mbili, mfuko ukafuliwa, pamba ikachambuliwa kwa upinde na godoro likashonwa upya. "Pamba haina kinyongo," mzee alisema. Na kila godoro, la bibi harusi au la mgonjwa, kabla ya kuziba tundu la mwisho aliweka viganja vyote viwili juu ya pamba na kusema maneno mawili: Alale. Aamke.

Siku moja, Sindano akiwa binti wa miaka kumi na mitatu na mwenye maswali kama ya karani, alimuuliza: "Baba, na huyu mgonjwa ambaye kila mtu anajua haponi?"

"Huyu hasa."

"Na asipoamka?"

Mzee alikata uzi kwa meno. "Mwanangu, mimi ni fundi wa magodoro. Kazi yangu ni kuyasema yote mawili. Kuyatimiza si kazi yangu."

Mzee mwenyewe alikufa mwaka jana, siku ya kazi, baada ya chakula cha mchana. Alisema anakwenda kuunyoosha mgongo kidogo. Sindano alipokwenda kumwita waje kushona kingo, hakukuwa na wa kuitika.

Makaburini, mdogo wake wa kiume, dalali wa viwanja, alisimama mbele ya watu na miwani yake nyeusi. Miaka minne hakuwa amekanyaga nyumba ya baba yake ila kuipima kwa macho. "Baba yetu hakufa," alisema kwa sauti ya kutetemeka vizuri. "Amelala tu."

"Kama amelala," Sindano aliuliza, udongo mkononi, "mbona mnamfukia?"

Nusu ya waombolezaji walishikwa na kikohozi. Mdogo wake alimnunia miezi mitatu, jambo ambalo Sindano alilichukua kuwa wema wa kwanza aliowahi kutendewa naye.

Lakini tangu siku ile, akifika tundu la mwisho, huweka viganja juu ya pamba, husema "Alale," kisha huziba. Neno la pili halitoki. Amejaribu mara mbili tatu, akaishia kuvuta uzi. Hakuna mteja aliyegundua, na kwa hilo pia amewadharau.

Godoro la mzee limebaki kitandani kwake, chumba cha nyuma, limefunikwa plastiki. Katikati kuna bonde: refu, lenye kina penye nyonga, likipanda taratibu kuelekea mabegani. Kila wiki Sindano huingia na kitambaa, hufuta vumbi juu ya plastiki, hutoka na kufunga mlango. Hakai juu yake. Hakuna anayekaa.

Mambo yangeendelea hivyo kama binti yake asingerudi nyumbani kujifungua, tumbo la miezi minane mbele na mkoba mmoja mkononi. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu. Wiki tatu alilala kwenye kochi lililoachia springi, na asubuhi moja akasimama mlangoni mwa karakana akijishika mgongo.

"Mama, godoro lipo."

"Lipi?"

"La babu."

"Hilo halilaliwi."

"Kwa nini?"

"Nitakushonea jipya. Pamba ikija."

"Imekuja mara mbili. Mara zote umewashonea watu." Akavuta kigoda, akakaa kwa taabu. "Mganga hajigangi, nilijua. Ila sikujua kwamba hata mwanawe hamgangi."

Sindano akapiga ugwe kwa nguvu. Mbu akalia.

Kabla hawajafika mbali, mkokoteni ukasimama nje. Mjane mmoja mnene, mwenye macho yaliyovimba, alimwelekeza mvuta mkokoteni ashushe godoro mlangoni. Sindano alilitambua kabla hajaambiwa. Godoro la marehemu hushushwa polepole kuliko mengine.

"Dada," mjane akasema, "naomba unichomee hili."

"La nani?"

"La mume wangu. Wiki sita sasa."

"Mmelala hapo miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Amewahi kukung'ata?"

"La!"

"Basi ameota meno kaburini?"

Wengine hapo huona haya, wakakubali lishonwe upya, wakaondoka wakilaani ulimi wake. Mjane huyu hakuona haya. Alilitazama godoro.

"Si yeye ninayemwogopa," akasema. "Ni bonde lake. Nikiliona, pumzi inanikatika. Nikikumbuka kwamba utalipura hadi liwe sawasawa, kama vile hakulala mtu, pumzi inanikatika zaidi. Ndiyo nikasema heri moto. Moto nitaupa mgongo."

Sindano aliokota kinyundo, akakiweka tena mkekani.

"Mama," binti akasema kutoka kwenye kigoda, bila kuinua uso, "mwambie alitandikie plastiki. Afute vumbi kila wiki."

Mjane akatazama huku na huku, hakuelewa. "Nitarudi keshokutwa," akasema. "Mfanye mnavyofanya."

Alipoondoka, Sindano alikaa juu ya robota. Alitafuta mtu wa kumdharau, akakuta karakana nzima haina mwingine ila yeye mwenyewe. Mwaka mzima amewacheka watu hawa, na wao angalau walikuwa na ujasiri wa kulitoa godoro nje ya mlango. Akainuka, akachukua kisu cha kufumulia, akaenda chumba cha nyuma.

Aliivuta plastiki, akaingiza mkono bondeni. Baridi. Akainama kunusa. Palinuka plastiki. Hapakuwa na tumbaku wala sabuni ya mche. Hapakuwa na baba. Mwaka mzima alikuwa mlinzi wa harufu ya plastiki.

"Hongera," akajiambia. "Umehifadhi."

Binti alitaka kushika upande mmoja. "Kaa pembeni, wewe mwenye roho mbili," akafokewa. Sindano alilibeba peke yake mgongoni, likamfunika hadi kisogoni, akatoka nalo uani kama konokono mwenye hasira. Alikata vifundo kimoja kimoja. Vilikuwa vifundo vya mzee, vidogo, vilivyobana, na kila kimoja kilikatika kwa kishindo kidogo. Pamba ilitoka imekuwa ya manjano. Akaianika siku mbili, akiigeuza kwa mikono.

Asubuhi ya tatu aliiweka kwenye mkeka, akashusha upinde, akapiga.

Vuuung'.

Mkono ulibaki hewani. Binti, aliyekuwa akikunja nepi, aliinua kichwa. "Babu," akasema.

Sindano akapiga tena. Vuuung'. Akachukua konzi ya pamba, akaivuta taratibu kati ya vidole. Nyuzi zilitoka ndefu, ndefu, zikikataa kuachana. Hii ilikuwa pamba ya zamani, ambayo mzee alijiwekea tangu ujana wake. Sindano siku hizi alinunua mabaki ya viwanda vya nguo, vinyuzi vifupi vilivyochoka, vya bei nafuu. Mkono haukuwa na kosa. Mwaka mzima ameutukana bure.

"Mjinga mmoja wewe," akasema. Akapiga chafya, mara tatu mfululizo.

Mjane alimkuta katikati ya kazi hiyo. Akasimama mlangoni akitazama mabonge ya manjano yakiruka, yakishuka meupe. Akaambiwa ni godoro la nani.

"Na bonde lake?" akauliza kwa hofu. "Limekwenda wapi?"

"Limo humu humu," Sindano akajibu, na kwa kuwa hakuzoea kusema jambo bila kuuma, akaongeza: "Limeenea tu. Lilikuwa limejikusanya mahali pamoja kama watu kwenye foleni."

Mjane alifikiri. "Basi na langu, dada. Lipure." Akajifuta macho, akaenda zake.

Jioni, mfuko uliofuliwa ulijaa. Sindano akashona kingo, akafunga vifundo, akabakisha tundu moja la upana wa viganja viwili. Binti alisimama karibu, mkono kiunoni, akimtazama. Yeye pia alikulia humu. Alijua kinachofuata, na alijua kipi hakijafuata tangu mwaka jana.

Sindano akaweka viganja juu ya pamba. Ilikuwa bado na joto la jua.

"Alale," akasema, kama alivyosema mwaka mzima.

Sindano ya kazi ilining'inia kwenye uzi, ikingoja. Akainama zaidi, hadi midomo ikakaribia kugusa pamba, mahali ambapo kichwa cha mtu kingekaa.

"Aamke."