Kiangazi cha Kwenye Picha

Kaka yangu aliileta ile picha nyumbani Samuye akitokea Geita, alikokuwa akichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Ilikuwa ndani ya fremu, pana kuliko meza yetu ya chakula, naye aliisafirisha kwenye basi akiwa ameizungushia blanketi lake. Aliitundika sebuleni, mkabala na kiti cha Baba. Ilionyesha ziwa lililotulia, milima yenye theluji kileleni, na ukingoni miti ya njano na nyekundu.

Baba, aliyechunga ng'ombe maisha yake yote, kwanza alitafuta mahali mifugo inaposhukia kunywa maji. Hakupaona. Kisha akaitazama miti.

"Hawa watu wana shida," alisema. "Maji tele, lakini majani yanakauka."

Nilimweleza kwamba katika nchi za baridi majani hugeuka rangi hivyo kila mwaka kabla ya kupukutika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi wana kiangazi cha baridi. Kiangazi ni kiangazi."

Ukawa mzaha wa nyumbani. Kaka akipiga simu kutoka machimboni, akishamwamkia Baba, alikuwa akiuliza, "Huko kwenye picha mvua imenyesha?"

"Bado. Ikinyesha tutakuita uje ulime."

Mama alikuwa akidakia kwa nyuma, "Mwambie aje hata kama haijanyesha."

Duara lilimwangukia kaka msimu wa mvua, udongo ulipolowa. Tulimzika nyumbani Samuye, nyuma ya zizi. Makochi yalitolewa nje, mikeka ikatandikwa, na wanawake wa msibani wakalala sebuleni chini ya ile picha. Hakuna aliyeigusa.

Siku ya kuondoa matanga, vitu vyake viligawiwa kwa ndugu, kama ilivyo desturi. Mashati, buti, tochi ya kichwani, kila kimoja kilipata mtu. Shangazi yetu, dada yake Baba, aliyekuwa amekuja kutoka Ushetu, hakutaka nguo.

"Mimi nipeni hiyo," alisema, akielekeza kidevu ukutani.

"Hiyo si ya marehemu, wifi," Mama alisema. "Alitupa sisi. Ni ya nyumba."

"Na mimi nyumba sina?"

Shangazi hakupaza sauti.

"Mwaka ule ng'ombe wenu walipokufa kwa ukame mliniletea huyu mtoto. Alikula kwangu, akasoma kwangu, akapalilia tumbaku yangu. Mvua iliporudi mkaja kumchukua. Sikusema neno. Leo nasema."

Wazee walimgeukia Baba ili aamue. Yeye alimtazama Mama. Sote wa nyumba ile tulijua kwamba tangu mazishi, Mama alikuwa akiifuta picha ile kwa ncha ya khanga kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Zaidi ya hiyo na blanketi iliyokuja nalo, hakikuwepo kingine kilichotoka mkononi mwa kaka ndani mle; vyote vilikuwa vimeshagawiwa.

Mama alisimama. Alivuta kigoda, akapanda, akaishusha mwenyewe. Alikifuta kioo, akaenda chumbani, akarudi na lile blanketi.

"Usiitundike penye jua," alimwambia Shangazi. "Itapauka."

"Nitaiweka kivulini, wifi."

Baada ya mavuno nilikwenda Ushetu kumsalimia. Picha ilikuwa kwenye chumba kidogo alicholala kaka alipokuwa mtoto, mbali na dirisha, kioo hakina vumbi. Nilipiga simu nyumbani kusema nimefika. Baba aliuliza habari za njia, kisha za dada yake. Nikadhani tumemaliza.

"Uko karibu na ile picha?" aliuliza.

"Niko mbele yake, Baba."

"Imenyesha?"

Niliitazama miti. Nikaikagua mmoja mmoja, ingawa hapakuwa na cha kuchunguza.

"Bado."

"Haya," alisema. "Ni mama yako anayeuliza."