Gari Nililoliendesha kwa Mkono

Miaka ile petroli ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari nayo tuliisikia kwa jina tu. Jinja nzima watu walisukuma magari yao kama mikokoteni. Waliokwenda kasi barabarani ni wanajeshi peke yao. Basi filamu ya magari kufukuzana ikifika, ukumbi wetu wa sinema ulijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Madereva Wakenya waliokwama mjini waliguna wakiona matairi yakichakazwa bure. "Jamani, tairi mpya hiyo!" Lakini wote, hata askari waliokaa viti vya mbele, walimshangilia anayekimbia. Sijawahi kumsikia mtu akimshangilia anayefukuza.

Mimi ndiye niliyeonyesha filamu hizo. Fundi wa Kihindi aliyenifundisha alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na ndugu zake, nami nikaishika mashine kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua. Mwenye ukumbi, aliyekabidhiwa baada ya Wahindi kuondoka, alikereka kuona mwanamke kwenye mashine. Jumamosi moja akaja na fundi mwanamume kutoka Mbale.

"Leo onyesha wewe, Jumatatu anashika huyu. Mashine si sufuria, dada."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Kazi ile niliipenda kuliko chakula.

Tulianza saa tisa alasiri. Mbio zenyewe zilikuwa kwenye rili ya mwisho. Gari lilipokata kona ya kwanza, ukanda wa ngozi unaozungusha rili ya chini, gurudumu linalopokea filamu iliyokwisha kupita, ukakatika, na filamu ikaanza kumwagika sakafuni kama utumbo wa mbuzi. Ukanda mwingine ungeupata wapi siku hizo? Nikizima mashine, askari watavunja viti na mwenye ukumbi atapata sababu aliyoitafuta. Nikiacha, filamu itanasa na kuchanika.

Nikapiga goti, nikaikamata rili, nikaizungusha kwa mkono. Ukizungusha polepole, filamu inalegea; ukiharakisha, inakatika. Picha sikuiona hata moja. Niliusikia ukumbi tu: "Kanyaga, bwana! Wanafika! Kanyaga!" Nami nikakanyaga, bega likiuma, jasho likiniingia machoni, dakika kumi nzima. Kisha paa likataka kung'oka kwa vigelegele, nikajua ametoroka. Nikapiga kigelegele changu huko juu kwenye chumba cha mashine, peke yangu. Siku hiyo gari lile nililiendesha mimi!

Mwenye ukumbi alipopanda na fundi wake, nilikuwa bado chini, mkono kwenye rili. Yule wa Mbale akautazama ukanda uliokatika, akanitazama mimi, akacheka kwa furaha.

"Mzee, mimi narudi Mbale. Huyu kazi anajua kunishinda."

Mwenye ukumbi akakohoa. Huko chini watu walikuwa wakipiga miguu, wakitaka filamu irudiwe. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama nitaweza.

"Naweza, mzee," nikamwambia. "Ila safari hii rili utazungusha wewe."

Akavua koti.